Siku Nne na Mshale wa Joto

Tangu nirudi mmenijia mmoja mmoja pale gereji, na kila mmoja nimempa kipande cha habari kisha nikasinzia. Ochieng' anadhani gari liliungua. Mama Wambui wa duka la vipuri anadhani nililala ndani, kwa polisi, Kericho. Si kweli, ingawa yote mawili yalikaribia. Basi leo nimekaa, mgongo ukiwa umeanza kunisamehe, niandike mara moja, msome kwa zamu, mniache nifanye kazi.

Gari mnalijua. Ni ile pikapu ya dizeli ya zahanati ya Mbita, ya mwaka wa themanini na tatu, yenye turubai nyuma, iliyokaa uani kwangu Manyatta wiki sita. Ilikuwa haipandi mlima ikibeba mgonjwa na watu wake. Waliniomba niipe nguvu, nami nikaifungia turbo iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Kwa wasiojua, turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo inaisukumia injini hewa nyingi. Hewa ikizidi unaweza kuongeza dizeli, na nguvu inakuja. Joto nalo linakuja. Likipita kiasi, pistoni zinayeyuka, na dereva hajui lolote mpaka injini inyamaze. Ndiyo maana niliweka geji ya joto la moshi: kijiti cha chuma kinachoingia ndani ya bomba la ekzosi, waya mrefu, na saa ndogo kwenye dashibodi yenye mshale. Geji hiyo nilikuja nayo kutoka Nairobi, enzi zile nikiwa kwenye gereji ya magari ya mbio.

Kazi iliyobaki ilikuwa kulipeleka gari Mbita huku nikitazama mshale njiani, na kurekebisha dizeli kidogo kidogo. Siku moja kwenda, nilimwambia mke wangu. Siku ya pili nipo.

Kisumu hadi Awasi

Tulikuwa watatu kwenye kiti cha mbele. Kwenye usukani alikuwa Mzee Hezron, dereva wa zahanati, mtu wa miaka sitini na kitu, ambaye ameendesha malori tangu ujana. Kelele za injini hizo zilimchukua sikio la kushoto. Mlangoni alikaa Sista Roselida, muuguzi, amepakata kasha la chanjo lililojaa barafu kama mtu aliyepakata mtoto wa mwenzake. Mimi nilikuwa katikati, mguu huku na mguu kule, gia katikati ya magoti.

Nia yetu ilikuwa kukata kona Ahero, tupite Katito na Kendu Bay. Pale Ahero mvua ilikuwa imetutangulia. Mwenye baiskeli iliyotapakaa tope akatuambia daraja dogo la mbele limekwenda na maji, na kwamba watu wanavushwa mgongoni.

"Na magari?" Mzee akauliza.

"Magari haibebwi mgongoni, Mzee."

Ikabaki njia ya Kericho: kupanda mpaka kwenye mashamba ya chai, kushuka Sotik, kupita Kisii, ndipo turudi ziwani. Sista alifunua kasha, akaingiza mkono, akafunika. "Barafu hii itanipa mpaka kesho," alisema. "Baada ya hapo nitakuwa nimebeba maji."

Kabla ya Awasi tukasimamishwa na polisi. Askari kijana, mpole, akasema tuzime gari. Nikamwomba dakika mbili. Turbo iliyotoka kufanya kazi haizimwi ghafla, huachwa ingurume polepole ipoe, la sivyo oili inaungulia ndani yake. Hayo nilimweleza vizuri kabisa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyobadilika.

"Kwa nini hutaki kuzima?"

"Nataka, afande. Ila bado."

"Bado nini? Mna nini huko nyuma?"

Nyuma kulikuwa na gunia la viazi, spana zangu na godoro. Aliyakagua yote. Godoro alilikagua mara mbili. Alipofika kwenye kasha Sista akamwambia kwamba akilifungua jua likaingia, watoto wa Mbita watakuwa wagonjwa kwa jina lake. Akatuacha. Saa nzima ilikuwa imekwisha, na injini ilikuwa imepoa kuliko nilivyoomba.

Awasi tulikunywa chai, tukala chapati na ndengu kwenye hoteli ya mabati. Tuliliacha kwanza gari likinguruma nje lipoe, watu wakawa wanaingia mmoja mmoja kutujulisha kwamba tumesahau kuzima. Njaa ilipoisha mdomo wangu ukafunguka. Nikaanza kuwasimulia habari za Nairobi, magari ya mbio, na jinsi tulivyokuwa tukitazama mshale kama huu.

"Kwenye petroli," nikasema, "joto likipanda, unaongeza mafuta. Mafuta mengi yanapoza. Lakini dizeli ni kinyume chake. Dizeli ukiiongezea mafuta, umeongeza moto."

Mzee Hezron alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa heshima, akisafisha kucha zake kwa njiti. Mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Kisha nikaenda nyuma ya hoteli kunawa, nikakuta foleni, nikachelewa. Niliporudi Mzee alikuwa anafunga boneti. Nilidhani ameangalia oili.

Awasi hadi Kericho

Barabara inaanza kuinuka polepole, miwa inaisha, mahindi yanaanza, na hewa inakuwa nyembamba na baridi. Gari likapanda kama limetumwa. Nilipolijaribu Kisumu halikuwa hivi. Nikajisemea moyoni kwamba kumbe kazi yangu ni nzuri kuliko nilivyojua, na huo ndio uchovu wenyewe: mtu aliyechoka hukubali sifa bila kuuliza zimetoka wapi.

"Hii gari iko na nguvu!" Mzee akasema.

"Fundi, umeiponya," Sista akasema.

Mshale ulikuwa digrii mia tano na themanini. Nilikuwa nimejiwekea mwisho mia saba. Nikafumba macho kidogo.

Kupita Kipsitet, Mzee akanigusa. "Fundi, kuna harufu."

"Mshale unasema nini?"

"Mia sita. Lakini kuna harufu."

"Basi endelea. Mshale hauna pua, Mzee, lakini haukosei."

Nasikia aibu kuandika sentensi hiyo, ila niliisema. Tulipokaribia Kapsoit lori lililokuwa nyuma yetu likaanza kupiga honi na kuwasha taa. Nikatazama kioo cha pembeni. Hakukuwa na barabara nyuma yetu, kulikuwa na wingu jeusi. Wakati huohuo Sista akainua miguu. "Huku chini kunachoma!"

Tukasimama ukingoni. Nikafungua boneti kwa kitambaa. Mchana kweupe, saa tisa, ile manifoldi, yaani chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda zote, ilikuwa nyekundu kama kaa la jiko. Turbo nayo ilikuwa nyekundu. Rangi ya bomba jirani ilikuwa inatoka mapovu. Na mle ndani mshale ulikuwa bado mia sita na kitu, umetulia kama karani.

Nikaiacha injini ingurume, nikainamia pampu ya dizeli. Nati ya kufungia skrubu ya mafuta ilikuwa imelegezwa. Skrubu ilikuwa imeingizwa ndani karibu nusu mzunguko. Mimi humgeuza yule mdudu kwa upana wa ukucha.

"Nani amegusa hapa?"

Mzee Hezron akasogea. "Ni mimi, Fundi. Pale Awasi. Ulisema mlima inaleta joto, na mafuta inapoza. Nikaona nikusaidie kabla tupande."

Nilipiga kelele. Nilisema mambo ambayo hayafai kuandikwa yote. La mwisho linatosha: nilimwambia ashike usukani, spana awaachie wenye akili. Nilimwambia mbele ya Sista, mbele ya dereva wa lori aliyekuwa amesimama kutuangalia, na akina mama wawili waliobeba vikapu vya kabeji. Mtu mwenye umri wa baba yangu. Alivua kofia, akazunguka gari, akasimama upande wa pili akitazama chai.

Nikarudisha skrubu nilipokuwa nimeiacha. Tukaondoka kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Kasha la Sista lilikuwa limeanza kutoa maji.

Kiwanda cha chai

Hatukufika mjini. Kwenye njia panda moja tuliona bomba refu la kiwanda cha chai, Sista akasema palipo na kiwanda pana fundi na pana friji. Vyote vilikuwepo. Zahanati ya kiwanda ikampa barafu mpya. Mimi nikapelekwa kwa Bwana Kipkirui, anayetunza majenereta, mtu mfupi mwenye ovaroli safi kuliko shati langu la kanisani.

Nikamweleza kisa chote, nikimbebesha Mzee mzigo wote. Kipkirui akasikiliza akiwa ameinama kwenye injini. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Hiki kijiti cha geji iliwekwa hapa na nani?"

"Mimi."

"Baada ya turbo?"

"Baada ya turbo. Niliogopa kikiwa mbele kikivunjika, kipande kitaingia kwenye feni na kuila. Na magari ya mbio yalikuwa hivyohivyo."

Akajinyoosha. "Turbo inakula joto, Bwana Odhiambo. Ndiyo chakula yake. Moshi ikitoka hapo imeshaacha joto ndani. Hii geji yako inapima mtu ameshatoka jikoni, halafu inakwambia jikoni hakuna moto. Ikisema mia sita na mlima kama huu, kule ndani ni mia nane, labda na zaidi. Hata mzee asingegusa hiyo skrubu, ungefika Kisii na pistoni imetoboka. Yeye amekuharakishia tu."

Nikauliza kama injini imekufa. Akaitegea sikio, akapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa chini kidogo ya wenzake, lakini hai. "Mungu wenu wa ziwani anapenda nyinyi," akasema. "Kesho asubuhi tutatoboa mahali pake."

Alitulaza kwake. Mkewe akatuletea ugali wa wimbi na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Nilipomiminiwa nikaona chembe nyeusi zinaelea. Siku nzima nilikuwa nimetazama masizi, na sasa yalikuwa kwenye kikombe. Nikasema, kwa upole nilioudhani ni upole, "Mama, nafikiri moshi umeingia." Kipkirui akaangua kicheko mpaka akashika ukuta: ule ni mkaa wa mti maalumu, wanasugulia kibuyu ndani kwa makusudi, ndio utamu na ndio dawa. Nikanywa vikombe vitatu kulipa deni la ulimi wangu. Mzee Hezron alikunywa chake. Hakunitazama.

Asubuhi tuliifungua manifoldi tukaitoboa, Kipkirui akakata nyuzi za skrubu ndani ya tundu, na kijiti kikaingia mahali pake, kabla ya turbo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana. Nikaona ni sasa au kamwe. Nikaenda nikasimama kando yake, nikasema polepole kwamba jana nilikosa, kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu na la pili pia, na kwamba anisamehe.

Aliendelea kutazama nje. Nikafikiri amekataa. Nikasema tena. Bado. Kisha nikagundua nimesimama upande gani.

Ikabidi niseme kwa sauti kubwa. "MZEE! NIMEKUKOSEA! NISAMEHE!"

Karakana nzima ikaacha kugonga vyuma. Mzee akageuka. "Eeh?"

"NILIWEKA GEJI MAHALI PABAYA! KOSA NI LANGU!"

"Na hiyo habari ya mafuta kupoza?"

"ILIKUWA YA PETROLI! DIZELI NI KINYUME!"

"Aaa," akasema. "Hiyo ya kinyume mimi sikusikia." Akavaa kofia. "Sasa kwa nini unapiga kelele? Njoo huku upande wa sikio."

Kericho hadi Kisii

Tuliondoka saa sita mchana. Mshale sasa ulisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa chungu: kwenye mlima mdogo tu ulifika mia saba, ule mwisho wangu. Nikapunguza dizeli, tukajaribu, nikapunguza tena. Kila mara tunasimama, tunasubiri ipoe, nafungua boneti, nageuza kwa upana wa ukucha, tunaondoka. Kati ya Kericho na Sotik nilifanya hivyo mara sita. Nguvu ile ya Awasi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa nguvu ya kukopa kwenye roho ya injini. Lakini bado gari lilipanda kuliko zamani, na halikutoa moshi.

Baada ya Sotik mvua ikafungua milango yote. Lori la mbao lilikuwa limekwama kwa upana mbele yetu, mkia kwenye mtaro. Tukakaa humo ndani saa nne, vioo vimefunga ukungu, tukinuka dizeli sisi sote. Sista alivua viatu, akaegemea mlango. "Aol," alisema, yaani nimechoka. Hakuna aliyebisha. Mzee Hezron alitumia muda huo kuniuliza kuhusu mshale: kwa nini ukiachia mafuta unashuka haraka hivyo, kwa nini unapanda taratibu. Nilimjibu kwenye sikio la kulia, nikiwa nimemwinamia kifuani kama mtu anayeungama. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuuliza mimi nilipokuwa Nairobi.

Tulifika Kisii giza limeshaingia, tope mpaka kwenye paa. Hapakuwa na friji pale tulipolala, ila jirani kulikuwa na bucha. Mwenye bucha alikubali kutuwekea kasha, na asubuhi Sista alimkuta analitazama kwa tamaa.

"Mama, nyinyi watu wa ziwa, najua ni samaki. Niuzie hata wawili."

"Ni chanjo ya surua."

"Basi niuzie mmoja."

Ilimchukua muda kuelewa. Mpaka leo sina hakika kama alielewa. Tulikula ndizi za kuchemsha na supu ya mifupa, chakula kizuri, lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo kutafuna nako ni kazi.

Kisii hadi Homa Bay, na mbele kidogo

Kushuka kutoka Kisii ni raha kwa injini. Mshale ulilala mia tatu, nami nikalala nao. Rongo sikuiona. Nilizinduka ziwa likiwa mbele, limetandazwa kama bati jipya, na joto lile la nyumbani likiingia dirishani na harufu ya omena, dagaa wetu. Sista akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa pua. Homa Bay tulikula ngege, wale perege wa ziwani, wa kukaanga, na kuon, ugali wetu, na Mzee akala vichwa vyote vitatu, akisema watu wa milimani wamemlisha maziwa na ndizi siku mbili.

Barabara ya Mbita mnaijua kwa sifa yake. Mvua ilikuwa imeitoa mifupa nje. Tulikuwa tunakwenda gia ya pili, mawe yakigonga chini, na Sista akinionyesha vilima na kutaja ni umbali gani umebaki. Theluthi mbili ilikuwa nyuma yetu. Saa tisa hivi alasiri, kwenye kona, tukakutana na kitanda kinatembea.

Wanaume wanne walikuwa wamekibeba mabegani. Juu yake alilala mwanamke kijana, Atieno, amefunikwa leso, na mkwewe, mama mnene aliyepoteza kiatu kimoja, akitembea kando akimshika mkono. Walikuwa wanatafuta gari lolote. Walikuwa wameanza kumbeba tangu alfajiri. Uchungu ulimwanza juzi.

Sista aliacha kasha mapajani mwangu na kushuka bila viatu. Walimpandisha Atieno nyuma, kwenye godoro. Sista akaingia chini ya turubai akakaa kama dakika tano. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, uso mgumu.

"Mtoto amekingama tumboni. Mkono umetangulia," alisema. "Kwangu zahanati siwezi. Huyu anataka kupasuliwa leo. Turudi Homa Bay."

Nakiri hapa, kwa kuwa mmetaka yote. Kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu hakikuwa huruma. Kilikuwa ile barabara. Nilifikiria mawe yale, kona zile, mgongo wangu, na nikataka kulia. Mzee Hezron hakufikiria chochote. Alikuwa tayari anageuza gari kwenye njia nyembamba, nyuma, mbele, nyuma, mbele.

Kurudi Homa Bay

Sista na mama mkwe walikuwa nyuma na Atieno. Wanaume wawili walishika turubai, wawili wakabaki na kitanda. Mbele tulikuwa wawili tu, mimi na Mzee.

"Mimi naangalia barabara," akasema. "Macho yangu haiwezi kuwa mahali mbili. Wewe soma."

"Nisome nini?"

"Joto! Soma kwa sauti!"

Nikaanza. "Mia nne na hamsini!" Mawe. "Mia tano!" Kutoka nyuma Atieno alikuwa analia kwa sauti ya chini, isiyokoma, na kila gari lilipoangukia shimo sauti ile ilikatika kisha ikarudi. Alikuwa akitaka twende polepole kwa ajili ya mawe, na haraka kwa ajili ya roho yake, na hakuna gari linaloweza yote mawili.

Kuna mlima mmoja kabla barabara haijateremkia mjini. Kuja tuliushuka sikuutambua. Sasa ulisimama mbele yetu, mwekundu, umelowa, na nyuma tulikuwa na watu watano, wote kwenye injini yenye silinda moja mgonjwa. Tukisimama katikati hatutaondoka tena; magurudumu yatateleza tu. Mzee akakanyaga.

"Mia sita!"

"Soma!"

"Mia sita na arobaini! Mia sita na themanini!"

Injini ilianza kulemewa, sauti ikawa nzito. Nilijua kinachofuata: ikilemewa, dizeli inaingia nyingi, hewa haitoshi, na joto linaruka.

"Mia saba! Mia saba na ishirini! Mzee, mia saba na hamsini!"

Nikavuta pumzi nimwambie ashushe gia, injini izunguke haraka, turbo ipate kuvuta hewa. Mkono wake ulikuwa umeshafika. Alikuwa amelisikia kwa sikio lake moja kabla mimi sijaliona kwa macho mawili. Gia ya kwanza ikaingia kwa kishindo, injini ikapaza sauti, gari likatikisika, likashika.

"Mia saba na hamsini," nikasema. "Mia saba na hamsini. Mia saba na thelathini. Mia saba. Mzee, inashuka!"

"Usiniambie inashuka. Niambie namba!"

"Mia sita na tisini! Mia sita na sitini!"

Tulifika kileleni kwa mwendo ambao mbuzi wangetupita. Chini mabati ya Homa Bay yalikuwa yanang'aa. Nilitazama nikakuta nimelishika kasha la chanjo kwa nguvu mpaka mfuniko umeingia ndani.

Hospitalini walimpokea mara moja. Sista akaingia naye. Sisi tukabaki kwenye benchi, tope limekauka kwenye miguu. Gari niliambiwa nilizime, nami nikasema bado, dakika mbili, na mlinzi akatutazama kama yule askari.

Mama mkwe alikaa kati yetu na kiatu chake kimoja. Baada ya muda mrefu akanigeukia. "Baba, nyinyi mnasali kanisa gani?"

"Kwa nini, Mama?"

"Njia yote nimesikia mkisali namba. Huyu anaitikia, huyu anaita. Sijasikia sala kama hiyo. Nimesema, hata kama siijui, niitikie tu. Nikawa naitikia."

Nilianza kumweleza habari ya moshi na turbo. Mzee Hezron akanikanyaga mguu.

"Ni kanisa dogo, Mama," akamwambia. "Iko Manyatta."

Kabla ya jua kuzama Sista akatoka, amevaa malapa ya kuazima. Mtoto wa kike. Alichelewa kulia, wakampigapiga, akalia. Mkono wake uliotangulia umevimba lakini utapona. Atieno amepoteza damu, amelala, lakini yupo. Mama mkwe hakupiga vigelegele. Alivua kile kiatu kimoja, akakiweka chini ya benchi vizuri, akainama akalia kwenye leso yake.

Homa Bay hadi Kisumu, majini

Asubuhi ya siku ya nne kulikuwa na meli ya kwenda Kisumu, na baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka siku tatu zipite, nikaamua kuipanda, wao waende Mbita bila mimi. Sista alikuwa amepata barafu mpya na haraka ya kuondoka. Tulisimama kando ya gari. Nilifungua boneti kwa mara ya mwisho, nikamwonyesha Mzee skrubu ile, nikamwekea alama ya rangi nyeupe: hapa usipite.

"Nikienda nayo mpaka mia saba ni sawa?" akauliza.

"Kwa muda mfupi. Mia sita na hamsini unaweza kukaa."

"Na ikinuka?"

"Ikinuka, Mzee, amini pua."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Awasi. Akasema niende nyumbani, ninaonekana kama mtu aliyefufuliwa kwa makosa. Walipoondoka nilisikiliza mpaka sauti ikapotea nyuma ya soko. Ilikuwa sauti nzuri. Ile silinda ya tatu inasikika kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Nimewaambia wairudishe Agosti niifungue.

Kwenye meli nilipata nafasi sakafuni, kati ya magunia ya mtama na mwanamke mwenye kuku. Kendu Bay ilipita, nasikia, na watu wakashuka na kupanda juu ya miguu yangu. Nilizinduka winchi za gati la Kisumu zikilia, na yule mwanamke ananitikisa, ananiuliza kama natoka Mbita, na kama kule ni kuzuri kama wanavyosema, kwa sababu mwanawe anataka kuoa huko.

Nikamwambia sijui, Mama. Nilikuwa naenda huko, sikufika.